Njia ya Kushukia Mazinde



Siku hizi watu wenye nafasi hupenda sana safari za kuongozwa. Hulipa fedha zao, hupewa kiongozi, hupelekwa kutazama miji ya kale iliyosimama jangwani, kisha hupandishwa milimani wapate upepo. Wengine huenda Uzbekistan kuiona Samarkand na Bukhara. Wengine huenda Morocco, wakatoka Marrakesh na kuingia milima ya Atlas. Na Wakristu wengi wanaokwenda Nchi Takatifu huvuka mto Yordani wakaonyeshwa Petra, mji uliochongwa katika mwamba, ambao watu wa Ulaya hawakuufikia kwa karne nyingi mpaka Burckhardt alipoingia humo mwaka 1812. Safari hizo ni njema, nami simwonei kijicho aendaye. Lakini mwalimu wa dini akianza leo kuweka akiba ya kwenda Petra, huenda watakaokwenda ni wajukuu wake.

Kwa sababu hiyo sisi walimu kumi na wawili wa upande wa Gare, wanaume saba na wanawake watano, tulifanya shauri kwamba likizo ya mwezi wa Juni tutembee katika nchi yetu wenyewe, tena kwa kuongozwa, kama wageni waongozwavyo. Tulikwenda Lushoto, ambako tangu miaka ya 1990 vijana wamejiunga kufanya kazi ya kuwatembeza wageni vijijini, tukamwajiri kijana mmoja. Jirani zetu walicheka sana. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tangu lini mtu akalipa fedha aonyeshwe njia ya shamba la mjomba wake?" Nikamjibu kwamba shamba la mjomba ndilo mtu asilolitazama. Akasema haya, nendeni, lakini mrudi na chumvi.

Nchi yetu ina mambo yale yale mawili ambayo wageni huyafuata mbali: nchi kavu yenye mji wa kale, na milima yenye ubaridi. Wasambaa tangu zamani wameigawa dunia hivyo. Huku juu ni Shambaai, penye migomba, chemchemi na ukungu. Kule chini ni nyika, penye miiba, joto na homa. Sababu yake ni pepo. Pepo zitokazo baharini hupanda milima, hupoa, na kuangusha mvua yake huku juu. Zikiisha kuvuka zimebaki tupu, na bonde la Mkomazi lililo nyuma ya milima hupata makombo tu. Mtu aweza kusimama Irente amevaa koti, akaona kwa macho yake watu wanaotokwa jasho.

Siku ya kwanza hatukwenda mbali, maana tulianza kwa kutazama Gare yenyewe. Ajabu ni kwamba walimu wanne kati yetu, waliobatizwa hapa na kuoa hapa, hawakuwa wamepata kusikia habari za waliojenga misioni yao. Mwaka 1897 walifika Usambara Watrapisti kutoka Mariannhill, karibu na Durban katika nchi ya Natal, monasteri iliyoanzishwa na Abate Franz Pfanner mwaka 1882. Hapa Gare walipaita kwa Kidachi Neu-Köln. Watrapisti ni watawa wa kimya. Kanuni yao ni sala na kazi ya mikono, na maneno ni yale ya lazima tu. Mwalimu mmoja akauliza, "Basi walifundishaje katekisimu?" Swali hilo si la mzaha. Kanuni ya kimya na kazi ya kuhubiri zilivutana kweli kweli, hata mwaka 1909 Roma ikawatenga watu wa Mariannhill na Watrapisti, wakawa shirika la wamisionari. Hapa kwetu kazi ilishikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha wakaja Warosmini, waliofika nchini mwaka 1945.

Wazee wa Gare husimulia kwamba watawa wale walisema zaidi kwa jembe kuliko kwa kinywa. Walipoona maji yanachafuka na udongo unateremka na mvua, walipanda miti. Kijana kiongozi wetu alitupeleka mpaka kwenye kijito kimoja juu ya kijiji, akatuonyesha mahali palipo na miti ya kienyeji na mahali palipo na mikaratusi mitupu. Penye miti ya kienyeji ardhi ilikuwa laini na nyeusi, na maji yalitoka taratibu chini ya mizizi. Penye mikaratusi majani makavu yalilia chini ya viatu vyetu, na mfereji ulikuwa mkavu. Hakuhubiri neno. Alikata kijiti, akakichoma ardhini upande huu, kikazama. Akakichoma upande ule, kikavunjika. Mimi nimefundisha miaka mingi, na nadra nimeona somo fupi kama lile.

Kutoka Gare kwenda Lushoto tulikwenda kwa miguu, saa kadha wa kadha, kwa njia ya migongo ya vilima. Mashamba yamebandikwa ubavuni mwa mlima kama viraka, kabichi, maharage, viazi, na hapa na pale mafyulisi na mapeasi. Tukazungumza habari ya matuta. Serikali ya Waingereza ilianza mpango wake Mlalo mwaka 1946, ikaamuru watu wachimbe matuta kuuzuia udongo. Watu wakachukia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi wanawake, tena watu waliogopa kwamba shamba lililochimbwa kwa amri ya Serikali halitakuwa lao tena. Leo wengi wa wajukuu wa waliokataa wanachimba matuta wenyewe, bila askari. Naona yafaa walimu wakumbuke hayo kila wanaposhika fimbo.

Lushoto Wadachi waliiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakapapenda kwa ajili ya baridi. Hatukukaa sana. Tulilala hapo, na alfajiri tukafuata njia ya Irente, tukipita shule ya watoto wasioona ya ndugu zetu Walutheri. Watoto walikuwa wameanza kuimba, na mmoja alitusikia akatuita "Wageni!" kabla hatujasema neno. Sijui alitujuaje.

Irente ni mwisho wa mlima. Mtu huenda katikati ya mashamba, mara ardhi inakwisha. Chini, karibu meta 1000 hivi, iko nyika: reli na barabara kuu kama nyuzi mbili, mistari ya mkonge iliyonyoka kama ya daftari, na nyumba za Mazinde. Wageni wengi huja hapa, hupiga picha, hunywa chai, hurudi. Kijana wetu alidhani na sisi tutafanya hivyo. Tulipomwambia kwamba twataka kushuka kwa miguu mpaka Mazinde alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wageni hawashuki, Bwana Mwalimu. Chini hakuna cha kuona."

Tukamwambia tutakwenda kuona hicho ambacho hakipo. Akacheka, akafunga kamba za viatu vyake.

Njia ile ni kali. Mawe huteleza, na magoti ya watu wa makamo hayakuumbwa kwa kushuka. Kadiri tulivyoteremka, migomba iliisha, kisha ukungu uliisha, kisha tukavua makoti. Miiba ikaanza, na mibuyu. Nikawakumbusha wenzangu njia ile nyingine tunayoifundisha kila mwaka, ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia kwa wanyang'anyi. Yerusalemu iko karibu meta 750 juu ya bahari, na Yeriko iko karibu meta 250 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtu yule alishuka kiasi kile kile tulichokuwa tukishuka sisi, kutoka mji wa baridi mlimani hadi mji wa mitende katika nchi ya joto. Nimesimulia habari ile mara nyingi sana darasani. Sikupata kufikiri, mpaka nilipoushika mti wa miiba nisianguke, jinsi ilivyo rahisi kumkamata mtu katika njia ya namna hiyo. Hana pa kukimbilia. Juu ni ukuta, chini ni shimo.

Hapo ndipo mwalimu mmoja mwanamke, aliyekuwa akitembea mbele yangu, aliposema bila kugeuka, "Dada wa bibi wa bibi yangu alishushwa huku."

Nasi tukatulia. Akasimulia huku akitembea, kwa maneno machache. Msichana yule alikwenda kuteka maji asirudi. Mjomba wake alikuwa na deni, na katika miaka ile ya vita mtoto wa dada alihesabiwa kama mali iwezayo kuwekwa rehani. Akashushwa Mazinde, akaunganishwa na msafara wa Pangani. Nyumbani alibaki mdogo wake, na ndiye aliyezaa ukoo wao. Tangu siku ile, katika kila kizazi, mtoto mmoja wa kike hupewa jina la yule aliyepotea. Mwalimu mwenyewe ndiye mwenye jina hilo sasa. Nimefanya kazi naye miaka kumi na moja, nami nilikuwa nikilisoma jina lake katika orodha ya walimu kila mwezi.

Nyuma kabisa alikuja mwalimu mwingine, mtu mpole, wa ukoo wa Kilindi, yaani ukoo uliotawala Usambara. Sikujua kama alisikia.

Yafaa niwaeleze wasomaji habari za Mazinde, maana vijana wengi hupita hapo ndani ya basi wakienda Moshi au Dar es Salaam, wasijue wamepita mji gani. Mfalme mkuu wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, alikaa Vuga mlimani, akafa mwaka 1862. Akafuatwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa na akili ya namna nyingine. Aliona kwamba nguvu haikai tena mlimani penye mvua na migomba. Imehamia chini, penye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Basi akafanya makao yake Mazinde katika nyika. Misafara ilipita mlangoni pake, ikaleta nguo na baruti na bunduki, ikataka pembe na watu. Kwa bunduki hizo akamshinda mrithi wa Vuga, na nchi ikapasuka. Miaka karibu thelathini watu walikamatana. Mzee alimwuza jirani, mjomba alimwuza mpwa, na aliyekuwa na nguvu leo kesho alifungwa kamba.

Mambo hayo hayakuandikwa kwanza na Wazungu. Aliyeyaandika kwa Kiswahili kizuri ni Abdallah bin Hemedi, aliyeishi Usambara miaka mingi kwa Semboja, katika kitabu cha Habari za Wakilindi kilichopigwa chapa Magila katika misioni ya Waanglikana. Mwalimu asiye nacho na akiazime. Oscar Baumann naye, msafiri wa Austria, alitoa kitabu chake juu ya Usambara mwaka 1891. Wadachi wakaweka kituo cha askari hapo Mazinde kabla ya kuukimbilia ubaridi wa Wilhelmstal. Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga Mputa, mwanawe. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilifika Mombo, mwaka 1911 ikafika Moshi, na mizigo ikaacha kabisa mabega ya watu.

Tulifika chini kama saa sita mchana. Joto lilitupiga kama mtu afunguaye tanuri. Kijana wetu alisema kweli: macho hayana cha kuona. Petra ilichongwa katika mwamba, Samarkand ina matofali yake ya rangi ya mbingu, lakini Mazinde ya Semboja ilikuwa ya miti na udongo, na mji wa namna hiyo ukiachwa hurudi ulikotoka. Tuliona maduka, pikipiki, mbuzi, wanawake wa Kipare wenye vikapu, Wamaasai wakinunua sukari. Tukakaa chini ya mwembe mkubwa. Mzee Mwislamu wa nyumba ya jirani alipotuona akatutolea mkeka na mtungi wa maji, wala hakutuuliza dini wala kabila.

Kijana akaanza kueleza kazi yake kama alivyozoea. Akataja urefu wa mlima, akaeleza habari za mkonge ulioletwa na Dakta Hindorf mwaka 1893, na jinsi unavyokatwa na kusindikwa. Alisema vizuri. Mwalimu yule mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na watu walikuwa wakiuzwa upande gani?"

Kijana akatazama chini. "Mama, hayo hatuwaambii wageni."

"Kwa nini?"

"Wageni wamekuja kufurahi. Tena," akapunguza sauti, "wenyewe wapo. Mtu asikie babu yake anatajwa, itakuwaje?"

Mwalimu mwingine akamwunga mkono. Akasema, "Kijana ana haki. Tukiwaambia Wazungu kwamba tuliuzana, watafurahi sana, watasema Mwafrika alimwuza Mwafrika, na habari imekwisha. Watamsahau aliyenunua, na aliyeleta bunduki."

Neno hilo lina uzito, wala sikulipuuza. Soko halina upande mmoja. Watu walioshushwa njia ile walinunuliwa na watu wa pwani, wakalima miwa ya Pangani na karafuu za Unguja, na sukari na karafuu hizo zililiwa na watu waliokaa mbali sana, na bunduki zile hazikufuliwa Usambara. Kiongozi akisimulia nusu, amesema uongo kwa nusu aliyoiacha. Lakini nikasema pia, na hata sasa ndivyo nionavyo, kwamba dawa ya habari iliyosimuliwa nusu ni kuisimulia nzima, si kuifunika. Tunawafundisha watoto kwamba Yosefu aliuzwa na ndugu zake kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka Misri, wala hatuoni kwamba habari ile yawatia aibu wana wa Israeli hata waifute katika Maandiko. Wameisoma miaka elfu na elfu.

Ndipo yule mwalimu wa Kilindi, aliyekuwa amekaa pembeni akijipepea kwa kofia, akasimama. Akasema, "Kijana, umesema wenyewe wapo. Ni kweli. Mwenyewe ndiye mimi." Akanyosha mkono kuelekea upande wa barabara. "Babu yangu aliambiwa na baba yake kwamba makao yalikuwa upande ule, na misafara ililala karibu na maji. Nyumbani kwetu twatajiwa ng'ombe waliotoka huku. Hatutajiwi walinunuliwa kwa nini. Lakini kila mtoto wa kwetu akikua anajua."

Kisha akamgeukia mwenzake, akamwita kwa jina lake, lile jina la aliyepotea, akasema, "Dada, pole." Hakuongeza neno. Naye hakumjibu kwa maneno. Alisogea kwenye mkeka akampa nafasi ya kukaa, akammiminia maji. Tulikaa hivyo muda. Mzee mwenye mkeka alikuwa amesikia yote, akasema kwamba bibi yake naye aliletwa hapo kutoka upande wa Zigua, akaolewa, ndiyo sababu wao wako Mazinde. Alisema kama mtu asemaye habari ya mvua.

Tukawaombea waliopitishwa pale, Baba Yetu na Salamu Maria, na kuomba wapewe raha ya milele. Mzee akainua viganja vyake naye kwa namna ya dini yake. Kijana kiongozi alitoa kidaftari mfukoni akaandika, sikumwuliza aliandika nini.

Jioni tulichukua gari dogo mpaka Mombo, tukalala kwa shida kwa ajili ya joto na mbu. Asubuhi tulipanda tena mlimani kwa basi. Barabara ya Mombo hata Lushoto ni kilometa 33 tu, lakini inajikunja kama nyoka aliyeumwa, na mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye heshima, alitapika katika kofia yake. Kila baada ya kona upepo ulipoa. Soni tukashuka. Wauza matunda walizunguka basi na vikapu vya mapeasi, na maporomoko ya maji yalisikika chini ya daraja. Nilitazama maji yale yakienda zake kuelekea nyika, nikawakumbuka wale tuliowaacha jana.

Vuga iko juu ya hapo. Hapa ndipo, kwa mapokeo ya wazee, Mbegha mwindaji kutoka Nguu alipofanywa mfalme, kwa kuwa aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na akamwua simba. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alimpokea vema, ila misioni haikujengwa siku zake. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakamkuta mfalme ni mzee sana. Nao mji huu haukuacha kuta. Ulikuwa ni vibanda vya majani katikati ya migomba, na migomba ipo. Walutheri walijenga misioni yao Vuga mwaka 1895, na baadaye mtambo wao wa kupigia chapa ukatoa vitabu vingi vya Kiswahili. Nyumba nyingi za Kikristu za nchi hii, hata zetu sisi Wakatoliki, zimepata kusoma kilichochapwa Vuga.

Mwalimu wa Kilindi ndiye aliyetuongoza hapo, maana kijana alimwachia. Akatueleza maneno mawili ya Kisambaa. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mfalme mwenye nguvu akikaa peke yake, mvua hunyesha na watu hushiba. La pili ni kubana shi, kuiharibu nchi: wenye nguvu wawili wakishindana, jua hukausha mazao na watu hufa njaa. Wazee waliamini kwamba mvua ilikuwa mkononi mwa mfalme. Sisi twajua mvua ni ya Mungu. Lakini mwalimu mmoja alisema kwamba hata hivyo wazee hawakukosa kabisa, kwa maana watu wakipigana nani atakayechunga msitu? Tulibishana juu ya neno hilo mpaka chakula kikapoa.

Watano walirudi Gare siku ile, maana ng'ombe hawana likizo. Sisi saba tuliendelea mpaka Tanga, tukaenda kuona magofu ya Tongoni yaliyo kusini ya mji katika njia ya Pangani. Hapo mawe yapo. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, ya watu wa karne ya 14 na ya 15. Jambo moja lilitufurahisha kupita yote. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani hii, na moja, iliyoitwa São Rafael, ilikwama katika fungu la mchanga. Mabaharia walipoinua macho waliona milima mirefu upande wa bara, wakaiita milima ya Mtakatifu Rafaeli kwa jina la merikebu yao. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, waliporudi kutoka Bara Hindi mabaharia wengi wamekufa, waliichoma moto merikebu ile papo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Basi milima yetu iliitwa kwa jina la malaika aliyemwongoza kijana Tobia njiani, na jina likasahauliwa. Tulisimama kati ya makaburi tuione kama walivyoiona wao. Wingu liliifunika yote.

Walimu watakaopenda kufanya safari hii wachague miezi ya Juni hata Septemba. Katika masika njia ya Mazinde haifai hata kidogo. Wachukue viatu vyenye meno, maji zaidi ya wanayodhani, na koti kwa ajili ya Lushoto, hata kama wanatoka wameloa jasho. Wapatane na kiongozi mapema bei ya siku, tena wamlipe yote. Kijana huyu analisha wadogo zake watatu kwa kazi hiyo. Na wasimruhusu mtu kusema kwamba watafika Irente tu warudi.

Majuzi kijana ameniletea habari. Mwezi uliopita wageni wanne walitaka kushuka Mazinde, naye akawashusha. Alimwita mwalimu wa Kilindi awe pamoja nao, akaja. Chini ya mwembe mwalimu ndiye aliyesimulia, na kijana alitafsiri. Mzee alitoa mkeka.